Kipimo cha Majivu

Ruiri, 18 Februari 2024

Kwa Ntinyari, mke wangu mdogo wa Embu,

Nakusalimu, na ninakusalimu tena kwa sababu barua yako ilikuwa na salamu mara mbili na mimi sipendi deni. Sisi huku hatujambo. Mvua imekataa, lakini mimi guka yako, babu mzaa baba, sijakataa kitu. Nimelima shamba la chini mwenyewe, na miaka yangu sabini na minane, huku jirani Mwongera, kijana wa miaka hamsini, ameketi kwenye jiwe anasema ati mgongo. Ng'ombe mweusi amezaa. Kanisani wamenichagua tena kushika ufunguo wa kabati la vitabu vya nyimbo, na hakuna aliyepinga. Cucu yako, nyanya yako yule ulipewa jina lake mpaka nakuita mke, anakusalimu. Yuko jikoni anachagua njahi, yale maharagwe yetu meusi.

Sasa. Nilimwambia Phyllis wa duka la dawa za mifugo, yeye ndiye anatuletea barua kutoka posta, kwamba chuo kikuu kimeniandikia kuomba msaada. Akasema ni mjukuu wako tu, na kwa nini hapigi simu. Nikamwambia simu mimi siisikii, na mambo ya elimu hayapigiwi kelele dukani. Mimi nilienda shule ya ngumbaru nikiwa na ndevu. Miaka minne. Mwalimu akiwa mgonjwa, chaki nilipewa mimi. Na vile Mwiti baba yako alikulea huko Embu, mtaa wa Majimbo, ukajua Kiembu cha kwa mama yako na Kimeru hujui, Kiswahili ndicho chetu wawili.

Umeuliza zamani watu waliwekaje njahi bila dawa ya dukani na fukusi wasiingie. Umemuuliza mtu mwenyewe. Mwaka wa 1984 mvua ilikatika, watu wakapanga foleni kwa chifu kupewa mahindi ya njano. Mji huu, boma langu hili, haukupanga. Hapa kulikuwa na mitungi mitano ya njahi ya mwaka uliopita, na ukitafuta fukusi hata mmoja humpati. Ni mimi niligundua. Hakuna aliyenifundisha. Unachukua majivu ya mti fulani, unachanganya na njahi, unaziba mdomo wa mtungi na kinyesi cha ng'ombe, basi. Mvua iliporudi mbegu ilitoka hapa kwenda miji kumi na saba, na chifu akanishukuru mbele ya baraza, watu wote wakiona. Andika hivyo. Na jina langu uliandike lote.

Ni mimi, Mwirigi, mwenye mji.


Embu, 9 Machi 2024

Guka wangu,

Nimefurahi kupata barua, na hongera kwa ndama. Huku joto limezidi. Baba yuko salama, kazi tu. Mama ameenda Kiritiri kuwaona watu wao, kwa sababu huko ukame umewamalizia mbuzi. Cucu mwambie nimeota nikila njahi zake.

Barua yako nilimsomea Daktari Kivuti, ndiye anayesimamia projekti yangu ya mwaka wa mwisho. Aliipenda. Lakini akasema njia isiyo na kipimo ni hadithi, na mimi siandiki hadithi, naandika utafiti. Kwa hivyo nakuuliza tena, Guka: ni mti gani? Kwa debe moja la njahi, majivu ni kiasi gani? Ni ya moto au yaliyopoa? Njahi zinakaa miezi mingapi? Na je, Cucu alikuwa anakusaidia?

Nijibu haraka ukiweza. Kuandika kwenyewe ni kwa Kiingereza na changu kinayumba. Rafiki yangu Jedidah ananionyesha kutumia akili bandia. Ni kitu kwenye simu, unakiuliza swali kinakujibu kama mwalimu, na kinanyoosha Kiingereza chako kama mtu anapiga pasi.

Mjukuu wako mpendwa,
Ntinyari


Ruiri, 2 Aprili 2024

Mke wangu mdogo,

Pasaka ilikuwa nzuri. Mimi ndiye nilisoma somo la kwanza na sikuruka mstari. Mvua imeanza, ndama ananyonya, Mwongera bado mgongo.

Nimesikia ya hiyo akili bandia na sijaipenda. Wewe ni mtoto wa mkulima. Mwaka juzi si mtu alituuzia mbegu bandia hapa sokoni, pakiti nzuri, picha ya hindi nene, tukapanda na hazikuota? Kitu kimeitwa bandia na mwenyewe aliyekitengeneza, halafu mnakichukua? Huyo hata hajaficha.

Ya mti na kipimo, kuna mambo mtu hatoi yote kwa karatasi. Mwanamume hapimi majivu kama mtu anayeweka chumvi. Mkono unajua. Mwambie huyo Daktari nimesema mkono unajua. Huu ni wakati wa kupanda na sina nafasi ya kuandika mengi.

Cucu yako anakusalimu.

Mwirigi, mwenye mji.


Embu, 20 Mei 2024

Guka,

Pokea salamu zangu, wewe na Cucu. Mama amerudi salama. Baba anauliza kama ghala limerekebishwa.

Nisamehe kwa kimya. Nilikuwa naogopa kuandika. Barua yako ya pili haikuwa na mti wala kipimo, na siku ya kuwasilisha kazi ikafika. Nikaichukua ile ya kwanza, nikaipa akili bandia, nikaiomba inigeuzie kwa Kiingereza na iongeze palipopungua. Ikaongeza. Ikasema majivu ni ya mwarobaini, robo debe kwa debe moja la njahi, na kwamba njahi hukaa miezi kumi na minane. Iliandika vizuri sana, kama iliyowahi kulala jikoni kwenu. Nikaamini. Hapana, nisikudanganye. Sikuamini, nilikuwa nimechoka.

Kuitumia si kosa hapa. Daktari mwenyewe huitumia kunyoosha barua zake, na Jedidah ilimfundisha takwimu mpaka akapita. Kosa ni kutosema. Mimi sikusema. Niliandika chini ya ukurasa kwamba yote nimeambiwa na Mwirigi, mkulima wa Ruiri. Daktari Kivuti akasoma akaniita. Yeye ni mtu wa Mbeere, na mama yake mpaka leo huweka kunde kwenye majivu. Aliniuliza swali moja tu: "Guka yako ndiye alisema mwarobaini?" Nikasema ndiyo.

Sasa nimeitwa mbele ya kamati tarehe kumi na tisa Juni. Niende na maandishi ya Guka yenye huo mti na hicho kipimo. Nikikosa, itakuwa nimebuni utafiti, na naweza kufukuzwa kabisa, mwaka huu wa mwisho.

Guka, naomba barua moja. Sema ni mwarobaini na ni robo debe. Weka tarehe ya Machi. Ni mistari miwili tu. Wewe hujawahi kuninyima kitu.

Ntinyari


Ruiri, 5 Juni 2024

Mke wangu mdogo,

Barua yako imefika leo, imechelewa kwa sababu Phyllis alikuwa matangani. Usilie. Kwani mistari miwili ni nini kwangu? Nitaandika. Wacha nipate karatasi isiyo na mikunjo.

Mwirigi.


Ruiri, 8 Juni 2024

Ntinyari,

Cucu yako anakusalimu. Leo ni salamu zake mwenyewe, si zile mimi huandika bila kumuuliza.

Ile barua uliyotaka niliiandika. Lakini unajua mimi siandiki kimya. Mwalimu wa ngumbaru alitufundisha neno lipite mdomoni kabla ya mkono, na mpaka leo nikiandika, anayepita njiani anasikia. Nilikuwa nimeketi mlangoni. Nimeweka tarehe ya Machi. Nimesema mwarobaini, nimeandika. Nimesema robo debe, nimeandika. Cucu yako akatoka jikoni na ungo mkononi akaniuliza ni nani huyo anaweka robo debe ya majivu. Nikamwambia ni mambo ya chuo kikuu. Akasema basi chuo kikuu kitakula majivu na njahi iwe mboga. Halafu akaniuliza nimwonyeshe mwarobaini mmoja, mmoja tu, hapa Ruiri.

Ikabidi nieleze. Nikamsomea barua zako. Akataka na zangu. Unajua mimi huandika kwanza kwa daftari ndipo ninakili, kwa hivyo zote zilikuwa hapo, sikuwa na pa kujificha. Nilipofika mahali pa 1984 nikasoma haraka. Akasema rudia. Nikarudia. Akasema rudia tena hapo pa "hakuna aliyenifundisha." Nikarudia.

Hakukasirika. Aliuliza tu ya ile mashine. Kwamba haijawahi kuingia ghala? Nikasema haijawahi. Haijawahi kushika njahi? Haijawahi, haina mikono. Na ilipoulizwa ikajibu? Nikasema ilijibu, tena bila kusita.

"Kumbe ni mwanamume wa huku," akasema, akarudi jikoni.

Sasa nitakuambia jambo ambalo hata baba yako hajawahi kulisikia kwangu. Mwaka wa 1984 sikuwa nyumbani. Mwezi wa pili nilienda Isiolo kutafuta kazi ya barabara. Kazi ilikuwa ya wiki sita, ikaisha. Nikaona aibu kurudi mikono mitupu, nikakaa. Nililinda duka la mtu, nikala huko, nikalala huko, na sikutuma hata kilo ya sukari. Miezi minane. Cucu yako alibaki na watoto watano, Mwiti ndio ameanza shule. Ile mitungi ilikuwa yake. Alifundishwa na mama yake kabla sijamwoa. Walikula njahi kwa kikombe, asubuhi hakuna, jioni kikombe, na mitungi miwili hakuigusa hata watoto wakilia, kwa sababu hiyo ilikuwa mbegu.

Mvua ilinyesha mwezi wa kumi, ndipo nikarudi. Nikakuta ameshagawa mbegu kwa miji kumi na saba. Hiyo hesabu ni ya kweli. Wiki iliyofuata chifu akaita baraza, akasema mji wa Mwirigi usimame ushukuriwe. Mwenye mji ni nani? Nikasimama. Nikapigiwa makofi. Cucu yako alikuwa upande wa wanawake. Tulipofika nyumbani akanipa chakula, nikafikiri yameisha. Mwaka uliofuata nikaanza kusimulia. Na mtu akisimulia miaka arobaini, anafika mahali anaona ule mkono wa kutia majivu ni wake.

Uliponiuliza ni mti gani na kiasi gani, sikuwa na siri yoyote. Sikuwa na jibu.

Kipimo nimemwomba. Alinifanya niombe mara mbili. Maneno ni yake: majivu si ya mti, ni ya maganda ya njahi yenyewe na magunzi ya mahindi. Yalale siku mbili mpaka yapoe hata katikati, kwa sababu majivu ya moto hupika mbegu na haioti. Uyachekeche. Mimina njahi kwenye ungo, tia majivu kidogo kidogo ukigeuza. Njahi ni nyeusi na ina ule mstari mweupe mgongoni. Geuza mpaka usijue mstari uko wapi. Hapo wacha. Debe hajawahi kupimia. Kukaa, zinakaa mpaka mvua ya pili, na ameona za mvua ya tatu.

Ile barua ya mwarobaini nimeitia motoni. Hii ndiyo natia sahihi, na tarehe ni ya leo. Najua haisemi ulichotaka nikusaidie kusema. Wapelekee hii, na hayo mengine uwaambie yalitoka wapi. Wakikufukuza, njoo hapa. Makosa ya kwanza ni yangu. Ulipouliza mwezi wa pili, mwenye kujua alikuwa hatua kumi kutoka kwa kiti changu, na mimi nikaandika kwamba anakusalimu.

Mwirigi.


Embu, 30 Juni 2024

Guka na Cucu,

Nawasalimu nyote wawili, na safari hii naomba barua isomwe kwa sauti.

Baba alisoma barua ya Guka asubuhi. Jioni akaniambia anaikumbuka ile mitungi miwili. Alichapwa kwa kuufungua mmoja. Alifikiri Cucu alikuwa mchoyo. Anasema mwezi wa nane atakuja.

Kamati ilikuwa ya watu watano. Nilikuwa nimepanga maneno mengi na yote yakanipotea, nikabaki na barua. Niliisoma kwa Kiswahili ilivyo, yote, na ya Isiolo pia, Guka, unisamehe. Halafu nikawaambia kwamba mwarobaini, robo debe na miezi kumi na minane ni vya mashine, kwamba mimi ndiye niliiambia iongeze, na kwamba nilimwomba guka yangu aniandikie uongo akaniandikia ukweli. Walipouliza nitamtaja nani kama mtoa habari wangu sasa, nikasema Ntinyari wa Ruiri. Mama mmoja akavua miwani. "Umejinukuu mwenyewe?" Nikaeleza kwamba kwetu msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Hata yeye alicheka, na mimi nikapata pumzi.

Hawakunifukuza. Lakini sura ya nne yote imefutwa. Nitaiandika upya, na nitajaribu vipimo vyote viwili, cha mashine na cha Cucu, mitungi kwa mitungi, nihesabu fukusi kila mwezi. Kwa hivyo mwezi wa kumi na moja wenzangu watakapovaa joho mimi nitakuwa nahesabu wadudu. Ni mwaka mzima umeenda. Nililia, Jedidah akanipikia chai, nikaanza kazi.

Daktari Kivuti anasema naruhusiwa kutumia ile akili bandia kunyoosha Kiingereza, nikisema, lakini maneno ya Cucu yageuzwe yalivyo. Kisichokuwepo kibaki hakipo.

Basi Cucu, nimekuletea maswali kumi na moja. Guka atasoma na kuandika majibu. Lile la mwisho si la kamati, ni langu: siku ile ya baraza, Guka aliposimama, wewe uliwaza nini?

Ntinyari mdogo


Ruiri, 14 Julai 2024

Kwa Ntinyari,

Tumepokea salamu. Ndama ameachishwa. Ghala litakuwa tayari Mwiti akija, mwambie aje na misumari ya inchi tatu, si ile midogo ya watu wa mjini. Cucu yako amekuchagulia njahi za majaribio, madebe mawili, na anasema hakuna sababu ya kuharibu moja kwa majivu ya mashine, lakini kama shule imesema, sawa.

Majibu yako kwenye karatasi nyingine, moja mpaka kumi. Imetuchukua siku nne. Nikiandika ananiambia soma, nikisoma ananiambia hapo sikusema hivyo, nafuta. Kifutio kimeisha.

La kumi na moja nililiruka. Nikakunja karatasi, nikasema tumemaliza. Akasema mtoto aliandika ni kumi na moja, wewe umesoma kumi. Kwa hivyo nikalisoma. Nilitaka nimjibie. Nilikuwa na jibu zuri, lingekutoa machozi. Lakini ukweli ni kwamba silijui, miaka arobaini sijawahi kumuuliza. Basi nikamuuliza.

Akageuza ungo. Akasema:

"Nilikuwa naangalia koti. Uliazima la ndugu yangu, na vifungo ulikuwa umefunga vibaya, cha juu kimeingia tundu la pili. Nilitaka nije nikufungie, lakini watu walikuwa wengi."

Nikamuuliza kama ni hayo tu. Akasema ni hayo, niandike.

Nimeandika. Sijaongeza.